Vifaranga wanakufa siku ya tano: niwape chakula gani?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nala, nje kidogo ya Dodoma mjini. Ijumaa nilipokea vifaranga 100 chotara wa siku moja, wameletwa kwa basi la usiku kutoka Dar es Salaam. Leo ni siku ya tano na wamebaki 69. Nawapa chenga za mchele na pumba za mahindi, maji yapo muda wote, na banda lina taa mbili zinazowaka usiku kucha. Jirani ananishauri niwape OTC, ile dawa ya antibiotiki. Naomba kujua, niwape chakula gani ili wasiishe?"

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na pole sana. Nilikupigia simu jioni ileile ujumbe wako uliponifikia, maana kifaranga hasubiri mtu atafute maneno. Sasa naandika kwa kirefu, kwa sababu swali lako naulizwa karibu kila wiki kuanzia Juni mpaka Agosti, na kila mara huja limevaa nguo hiyohiyo: niwape chakula gani?

Chakula unachowapa ni dhaifu, na nitakifikia. Lakini hakijaua hata mmoja bado. Kifaranga huzaliwa na akiba yake. Siku za mwisho ndani ya yai, kiini kilichobaki huingia tumboni mwake, na akiba hiyo inaweza kumbeba siku mbili hadi tatu hata asipodonoa kitu. Ndiyo maana watu huthubutu kumsafirisha usiku kucha kwenye boksi. Ukimlisha chenga tupu, madhara utayaona kuanzia wiki ya pili au ya tatu: mabawa yananing'inia, manyoya hayaoti, huyu amekua na mwenzake bado kama ametotolewa jana. Anayekufa siku ya pili, ya tatu au ya nne ana sababu nyingine, na kwa msimu huu hapa kwetu mimi huanza kushuku baridi.

Kwenye simu nilikuuliza mambo mawili. La kwanza, mizoga unaikuta saa ngapi na mahali gani? Ukasema asubuhi, kwenye kona, imelaliana, ile ya chini imebapa na imelowa. La pili, hizo taa ni za aina gani? Ukaenda kuangalia, ukarudi na jibu: zile nyeupe za kuokoa umeme, wati 9 kila moja. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa limekaa, Mwalimu. Taa hizo zimetengenezwa makusudi zisipoteze umeme kwenye joto. Vifaranga wako walikuwa na mwanga wa kutosha kusahihishia madaftari, joto hawakuwa nalo.

Mtu akitoka Pwani huiona Dodoma kuwa nchi ya jua, na mchana hakosei. Ila mji huu uko mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai nyuzi hushuka mpaka 13 au 14 hivi, halafu mchana zinapanda tena mpaka 26 au 27. Ongeza upepo, ule wa kutoka upande wa mashariki unaovuka tambarare bila mti wa kuuzuia. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale anaposimama. Kati ya anachotaka na anachokipata saa kumi alfajiri kuna pengo la nyuzi karibu 20, na yale malaika yaliyomfunika si manyoya ya kuzuia baridi. Mwili wake haujajua kujipasha moto. Huanza kujimudu kidogo kidogo kuanzia wiki ya tatu.

Kifaranga mwenye baridi hali chakula. Anaacha chombo kimejaa anakwenda kujibana na wenzake, wa chini anakosa hewa, wa nje anaganda. Asubuhi wewe unaona chakula kimebaki, unasema hawajakipenda, unabadilisha chakula. Kesho yake mizoga ni ileile.

Kipimajoto ni kitu kizuri, ila kining'inize kimo cha mgongo wa kifaranga, usikiweke kimo cha macho yako. Ukikikosa, waangalie wenyewe. Wakikusanyika chini ya joto huku wanalia kwa sauti kali, wana baridi. Wakilikimbia joto, wakahema midomo wazi na kupanua mabawa, umezidisha. Wakijikusanya upande mmoja tu, kuna upepo unapenya upande wa pili, kautafute kwa mkono uliolowa maji. Wakitawanyika, hawa wanakula, hawa wamelala ubavu, na sauti ni ya chini kama ya watu wanaoongea sokoni kwa mbali, basi nenda ukalale. Unaweza pia kumshika mmoja na kugusisha miguu yake shavuni kwako. Ikiwa ya baridi, naye ana baridi.

Lakini uchunguzi huo ufanye saa kumi alfajiri. Saa mbili usiku tofali bado lina joto la mchana na kila kitu kinaonekana shwari. Wafugaji wengi hukagua banda wakitoka kula chakula cha usiku, wanaridhika, halafu wanaamka kuokota mizoga wasijue imetoka wapi.

Sasa marekebisho. Ondoa kona. Zungusha duara la hadibodi au maboksi magumu, kimo sentimita 45, upana kati ya mita moja na nusu na mbili kwa hao 69. Panua duara kila wiki, ili wakifika wiki ya nne kila mita moja ya mraba iwe na vifaranga wasiozidi 20. Chini mwaga maranda makavu unene wa vidole vitatu. Pumba za mpunga zinafaa pia. Vumbi la msumeno usitumie, wanalila na linawaziba. Upande wa upepo ning'iniza magunia mpaka chini, lakini juu ya ukuta acha uwazi wa kiganja.

Uwazi huo una sababu. Kama utatumia jiko la mkaa, ambalo ndilo wengi wetu tunaloliweza, likoleze nje mpaka moshi uishe kabisa, funika makaa kwa majivu ili yadumu, ndipo uliingize na kulizungushia wavu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Imeua vifaranga, na imeua watu waliojifungia nayo chumbani. Kwa hiyo Mwalimu, kukesha nao nakuruhusu, kulala mle ndani hapana. Mwenye umeme wa uhakika atafute taa nyekundu ya joto ya wati 250, moja inawatosha hao wako, na aining'inize kwa mnyororo sentimita 45 hadi 60 kutoka kwenye maranda. Asiitegemeze kwenye waya wake, ikianguka banda zima linawaka. Umeme ukikatika usiku, madumu ya lita tano yenye maji ya moto, yakivikwa gunia na kulazwa katikati ya duara, yanakupa saa kadhaa za kupumua.

Kila wiki punguza nyuzi tatu hivi: wiki ya pili 29 au 30, ya tatu 26 au 27, mpaka ufike 21 wiki ya tano. Mchana wa Dodoma utajikuta unazima kabisa kuanzia saa nne asubuhi, hilo halina shida. Usiku ndio usiuzoee haraka.

Ulinipigia tena keshokutwa yake ukaniambia usiku wa kwanza wenye jiko alikufa mmoja, na wa pili hakufa hata mmoja, na chakula kilekile cha chenga walikimaliza. Kwa kesi yako hiyo inanitosha. Msomaji mwingine mwenye vifo kama hivi asiridhike haraka hivyo. Ashike mizoga aikague tumbo. Ukiikuta mingi ina tumbo laini lililovimba, kitovu kibichi na harufu mbaya, hao waliambukizwa kitovu huko walikototolewa, na jiko halitawarudisha. Mjulishe muuzaji siku hiyohiyo, huku mizoga ipo. Wakiwa wanaharisha kweupe na kinyesi kimegandia njia ya haja, safisha kwa pamba na maji ya vuguvugu, na mwite mtaalamu, maana kuna ugonjwa wa kuhara kweupe unaotoka kwa kuku mama kupitia yai.

Baada ya joto ni maji, kisha ndiyo chakula. Siku ya kuwapokea, kila kifaranga anachovywa ncha ya mdomo kwenye maji ya vuguvugu ili ajue chombo kilipo, halafu wanaachwa wanywe saa moja au mbili kabla ya kumwagiwa chakula. Glukosi huwekwa saa hizo za mwanzo tu kwa waliosafiri mbali, gramu 50 kwa lita. Ukiendelea nayo siku tatu unawaletea kuhara. Kwako wakati wake umepita, wape vitamini za kuku kwenye maji kwa siku tano. Weka kokoto safi pembeni mwa sahani za maji wasizame, na osha vyombo kila asubuhi kwa mikono yako. Kifaranga hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, kwa hiyo chombo kikavu kwa nusu siku kinatosha kukurudisha nyuma.

Halafu kuna hili la visima. Pembezoni mwa mji vipo visima vingi vyenye maji ya chumvi, tumeyazoea tunapikia hata chai. Figo za kifaranga hazijakomaa kuyabeba. Kama maji ya kwako yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, nunua dumu la maji ya bomba kwa ajili yao mpaka wafike wiki ya nne.

Sasa chenga na pumba. Kifaranga wa chotara anahitaji chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20. Chenga za mchele zina asilimia 7 au 8, pumba za mahindi kama 10, na pumba zina makapi mengi ambayo utumbo mdogo hauyawezi. Ni sawa na kumlea mtoto kwa uji mweupe: anashiba, hakui. Nunua chakula cha vifaranga, kile madukani wanachokiita stata, na uwape hicho pekee kwa wiki nne za mwanzo. Najua bei yake inauma. Hesabu hii ingefaa ifanywe kabla ya kuagiza: wiki ya kwanza kila mmoja anakula gramu 12 hivi kwa siku, ya pili 20, ya nne 35, ya nane kama 55. Ukijumlisha wiki zote nane unapata takriban kilo mbili kwa kifaranga. Kwa 68 uliobaki nao ni kilo 136, yaani mifuko mitatu ya kilo 50 ikibaki kidogo. Mwenye fedha ya mifuko mitatu alee 70. Mwenye fedha ya mfuko mmoja na nusu alee 35, atapata kuku wengi zaidi mwishoni kuliko yule wa 100 wa chenga.

Siku za mwanzo mwaga chakula kwenye trei za mayai, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, kwa sababu mlio wa chakula kikimwagika unawaamsha kula. Usiku, kabla hujalala, shika vifaranga kumi na papasa kifuko cha chakula chini ya shingo, upande wa kulia. Kikijaa na kuwa laini kama unga uliokandwa, amekula na kunywa. Kigumu kama kokoto, hajapata maji. Kitupu, rudi kwenye joto. Na jirani akikupa mabaki ya chakula cha kuku wa mayai, mshukuru, uwape wakubwa. Kina chokaa nyingi, karibu mara nne ya ile inayomfaa kifaranga, na kinaharibu figo.

Kuanzia wiki ya tano unaweza kuchanganya mwenyewe, na hapa Dodoma tuna bahati, maana mahindi ya Kibaigwa na mashudu ya alizeti viko mlangoni kwetu. Kwa kilo 100 mimi huweka mahindi yaliyoparazwa kilo 48, pumba za mahindi 10, mashudu ya alizeti 16, soya iliyokaangwa 14, dagaa 9, chokaa ya mifugo moja na nusu, unga wa mifupa kilo moja, mchanganyiko wa vitamini na madini robo kilo, na chumvi robo kilo. Protini inakaribia asilimia 19 au 20. Soya ikaangwe kweli, mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe. Nusu ya mahindi unaweza kuyatoa ukaweka mtama mweupe au uwele, na uwele una protini kuliko mahindi. Ule mtama mwekundu mchungu ambao hata ndege wanauacha shambani, nawe uache.

Mahindi yaliyoota ukungu usiyaseme "haya ni ya kuku". Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na kifaranga ni mwepesi kuliko mtu.

Na dagaa, Mwalimu, waonje. Mwaka wangu wa pili kazini nilichanganya chakula cha vifaranga wangu kwa dagaa wa bei nafuu niliowanunua bila hata kuwatia mdomoni. Walikuwa wa chumvi, na nusu yake ni mchanga. Siku mbili vifaranga walikunywa maji kama ng'ombe, maranda yakalowa chapachapa, wakaanza kuanguka. Nilizika 40 huku nina cheti cha mifugo ukutani. Tangu hapo dukani naonekana kichaa: natafuna dagaa wawili wabichi kabla sijauliza bei.

Kuku mama wa kienyeji hupata protini bila hesabu zote hizi. Anawatoa vifaranga dakika chache, anaparura, anawaitia mchwa, akiona wanatetemeka anachutama wanaingia chini ya mbawa. Joto, chakula, joto. Wazee wengi wa huku hutega mchwa kwa chungu kilichojazwa samadi na mabua yaliyoloweshwa, kikafunikwa juu ya njia ya mchwa usiku. Kuanzia wiki ya tatu nakushauri utege, ni protini ya bure. Ila kifaranga wa mama naye huwindwa na mwewe na kicheche, ndiyo maana vifaranga kumi wa kienyeji wakiachwa wazi hubaki watatu.

Kuhusu OTC: usiwape. Hiyo ni dawa ya bakteria, nayo haipashi banda moto. Ukiimwaga kila kifaranga anapokohoa unazalisha vijidudu sugu, na siku ukiwa na ugonjwa wa kweli haitakusaidia. Utakachokabiliana nacho mbele ni kuhara damu, koksidiosisi, kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita, na vijidudu vyake hustawi kwenye maranda mabichi. Sogeza vyombo vya maji, ondoa sehemu iliyolowa kila siku. Ukiona damu kwenye kinyesi ndipo uje uchukue amproliamu, na dozi uandikiwe.

Chanjo za magonjwa ya virusi vya kuku hazina mjadala. Kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena ya 21, gumboro tena ya 28, ndui kwenye bawa kati ya wiki ya sita na ya nane. Ile ya ugonjwa wa Marek hutolewa kule walikototolewa siku ya kwanza, muulize muuzaji wako kama ilitolewa. Za kwenye maji: tumia maji yasiyo na dawa ya klorini, weka kijiko cha chai cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, wanyime maji saa moja au mbili kabla, na yaishe ndani ya saa mbili. Wakikua, endelea na chanjo ya kideri ya I-2 inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko nyingine, na kwa safari za Bahi au Chamwino bila barafu hilo ni jambo kubwa, lakini usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Mwisho, kwenye simu uliniuliza kama uagize 32 wa kufidia waliokufa. Usiagize sasa. Ukichanganya umri, wakubwa watawakanyaga wadogo na kuwapa vijidudu ambavyo wao wameshavizoea, na joto linalomfaa mmoja litamtesa mwingine. Lea hao ulio nao mpaka wiki ya nane, wahamishie banda kubwa, toa maranda yote, osha, acha pakavu wiki mbili. Hapo itakuwa mwishoni mwa Septemba na baridi ya usiku imelegea. Washa joto siku moja kabla boksi halijafika, na mwambie muuzaji apange safari wafike Dodoma mchana.